Siku Zako Zikikukuta Shungimbili

*Tiketi mmekata, likizo mmeomba pamoja, papa potwe wako Mafia wanawasubiri. Halafu kalenda inakuchezea. Unafanyaje ukiwa katikati ya bahari, dukani hakufikiki na choo hakuna?*

Kuna safari ambazo hedhi haikusumbui hata kidogo. Uko Arusha mjini, au Mombasa kwa wifi yako, siku zinaanza, unaingia duka la pili kutoka kona, unalipa, mambo yamekwisha. Sasa chukua hali hiyohiyo uipeleke Shungimbili.

Kwa wale ambao hawajafika, Shungimbili ni kisiwa kidogo sana cha Wilaya ya Mafia, upande wa kaskazini magharibi mwa kisiwa kikuu. Ukiamua kukizunguka kwa miguu, utatembea kilomita moja na ushee tu na kujikuta pale ulipoanzia. Mchanga mweupe, maji ya kijani kibichi yanayogeuka bluu mbele kidogo, matumbawe, samaki wa kila rangi. Tangu mwaka 2007 ni eneo tengefu la bahari, na tangu mwaka 2016 pana nyumba moja ya kifahari, Thanda Island, ambayo hukodishwa na kundi moja kwa wakati mmoja, kisiwa kizima. Ndiyo, kizima. Bei yake tusiitaje, tusije tukaharibu siku yako.

Wengi wetu wenye mishahara ya kawaida tunafikia gesti au hoteli ya Kilindoni au Utende, tunachanga pesa ya boti, tunakwenda kuogelea na potwe, kisha tunashushwa kwenye fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linatoweka. Iwe umekodi kisiwa au umekodi boti, kuna jambo moja mnafanana: hakuna duka. Hakuna famasi. Na kwenye fungu hakuna hata mti wa kujificha nyuma yake. Ulichobeba ndicho ulichonacho.

Ndiyo maana nasema Shungimbili ni mtihani mzuri. Ukiweza kuzimaliza siku zako vizuri huku, hakuna safari nyingine itakayokutisha.

Mume wa mtu na tumbo la mtu

Nianze na pale panapouma zaidi, na si tumboni.

Kuna dada mmoja tunafahamiana naye, alikwenda Mafia na mumewe mwezi wa tatu baada ya ndoa. Harusi iliwakausha, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa fungate yao, iliyochelewa lakini imefika. Siku ya potwe, siku yenyewe waliyoilipia, aliamka akakuta ameingia. Akamwambia mumewe, “Tumbo haliko sawa, nenda tu wewe.” Mume akasema twende wote, utapata hewa. Wakapanda boti. Wenzao wakaruka majini, yeye kakaa ameshikilia mkoba mapajani kama mtu aliyeko kwenye daladala ya Kariakoo. Mume anamwita, “Njoo mama, njoo uone!” Hataki. Waliporudi gesti hawakusemeshana mpaka usiku. Mume aliamini mkewe ameichukia safari, pengine na yeye mwenyewe. Mke aliamini mume ni mtu asiye na huruma. Kumbe kati yao kulikuwa na sentensi moja tu ambayo haikusemwa.

Watu wawili walioana, wanalala kitanda kimoja, wana akaunti ya pamoja benki, na neno “nimeingia mwezini” halipiti kooni. Sisi wa pwani tuna kungwi na somo, mtu mzima anayemfunda msichana akivunja ungo. Anamfundisha kujisitiri, na jambo jema hilo. Lakini kujisitiri mbele ya kadamnasi ni kitu kimoja, kumficha mwenzako unayesafiri naye ni kingine. Huyo mwenzako ndiye atakayeongea na nahodha, ndiye atakayebeba begi, ndiye atakayejua kwamba leo unahitaji kivuli na chai ya tangawizi badala ya kuvutwa mkono kuingia majini.

Na ninyi akina kaka msikunje uso. Mwanaume anayeweza kulinganisha bei za boti tatu anaweza pia kuuliza mapema, “Tarehe hizo utakuwa kwenye siku zako?” Muulize kwa sauti ileile unayoulizia tiketi. Si swali la aibu, ni swali la ratiba. Na akikwambia ndiyo, usitoe pole ya msibani. Uliza tu mnahitaji kubeba nini.

Kabla hujaondoka Dar

Kwenda Mafia kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, kama nusu saa hivi angani. Ndege hizi hazina choo, na mzigo unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15 tu. Ya pili ni kwenda kwa gari mpaka Nyamisati, Wilaya ya Kibiti, upande wa delta ya Rufiji, halafu kupanda kivuko au boti hadi Kilindoni. Huko majini ukae ukijua ni saa nyingi, kama nne na wakati mwingine zaidi, kutegemea chombo, upepo na maji kujaa au kupwa. Kwa njia zote mbili kanuni ni ileile: vifaa vyako vya siku zile vikae kwenye mkoba wa mkononi. Usiviweke kwenye begi kubwa linalowekwa chini ya magunia ya watu, kisha ukiwa katikati ya bahari uanze kumwomba utingo alifukue.

Vifaa gani? Taulo za kike za kutosha siku zote, na za ziada kwa sababu safari yenyewe, uchovu na kulala ovyo vinaweza kuusogeza mzunguko mbele au nyuma. Mzunguko wa mtu mzima kwa kawaida ni kati ya siku 21 na 35, kwa hiyo usijidai unaijua saa yake. Hata kama ulihesabu na ukaona utakuwa salama, beba. Wewe unayetumia sindano au vijiti vya uzazi wa mpango ndiyo kabisa, maana matone yanaweza kuja siku yoyote bila kupiga hodi.

Kilindoni taulo za kike zipo, usifikiri unaenda porini. Ila tamponi na kikombe cha hedhi nunua Dar, usivitegemee huko. Na ukinunua taulo pale dukani, muuzaji atakufungia kwenye gazeti kana kwamba umenunua bangi. Zamani ilikuwa rambo jeusi, mpaka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Rambo limekwenda, kuficha kumebaki. Hata kodi yake tumeihangaikia: Kenya ilifuta VAT ya taulo za kike mwaka 2004, ikiwa nchi ya kwanza duniani. Sisi tuliifuta mwaka 2018, na mwaka 2019 tukairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Nikipita hapo huwa nasikia hasira kidogo, tuendelee.

Ongeza chupi mbili tatu za rangi nyeusi, kaptula nyeusi ya kuogelea, sabuni ndogo, karatasi laini, chupa ya maji safi ya kunawia ambayo si ya kunywa, na khanga. Khanga usiisahau! Kwenye boti isiyo na choo, khanga moja ikishikwa na mtu mmoja kila upande ni chumba kamili. Wanawake wa pwani wanalijua hili tangu enzi za jahazi. Ukiwa na mumeo, yeye ndiye ukuta. Mwambie ageuze uso kuelekea kwa nahodha na aongee naye habari za mpira.

Papa atanusa?

Swali hili huulizwa kila msimu, kwa kawaida na mtu aliyeangalia filamu nyingi. Naomba nilijibu kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowanyima wanawake wengi raha waliyoilipia.

Kwanza, papa anayetafutwa Mafia ni potwe. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 12, ana madoadoa meupe mgongoni kama mtu aliyemmwagia chokaa. Msimu wake mzuri unaanza kama mwezi wa kumi hadi wa pili au wa tatu, wakati wa kaskazi, na mara nyingi anaonekana si mbali na Kilindoni yenyewe. Chakula chake ni vijidudu, vikamba na mayai ya samaki, anavyovichuja kwa kufungua mdomo na kuogelea. Mwanamke aliye hedhini hamhusu. Asiye hedhini pia hamhusu. Wewe tu usimguse wala kumzibia njia.

Pili, hao papa wengine wenye meno. Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba waogeleaji walio kwenye siku zao hushambuliwa zaidi kuliko wengine. Na damu yenyewe ni kiasi gani? Kwa wanawake wengi, hedhi nzima, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, ni kama vijiko viwili au vitatu vya chakula. Gawa hizo kwa siku tano, kisha tia tone ulilobaki nalo kwenye Bahari ya Hindi. Wavuvi wa Mafia wanasafisha samaki ufukweni kila asubuhi, damu ndoo kwa ndoo, na watoto wanaogelea pembeni.

Tatizo la kweli la kuogelea ni la kiufundi. Taulo ya kike haiogelei. Imetengenezwa kufyonza, na ikiona bahari itafyonza bahari, ivimbe mpaka uone aibu. Ukiwa majini mkandamizo unapunguza kutoka kwa damu, lakini haisimami, na ukipanda tu ngazi ya boti mambo yanarudi. Kwa hiyo chaguo lako la majini ni tamponi, kikombe, au chupi maalumu za kuogelea nazo kama unazo na siku yako ni nyepesi.

Tamponi inabadilishwa kila baada ya saa nne hadi nane, isizidi hapo, kwa sababu ikikaa mno inaweza kuleta sumu ya bakteria ambayo ni adimu lakini inaua. Ukiona homa kali ya ghafla, kutapika, vipele na kizunguzungu, itoe na uende hospitali. Ukitoka majini ibadilishe, kwani kile kiuzi kimelowa maji ya chumvi.

Kikombe cha hedhi ndicho nachokipenda kwa safari ya visiwa, nasema wazi. Kinakaa hadi saa 12, maana yake unakiweka asubuhi gesti na kukitoa jioni gesti, bahari yote katikati ni yako. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 yaliyokikuta ni salama na hakivujishi kuliko vifaa vingine. Kinachemshwa dakika tano mwanzo na mwisho wa kila mzunguko, na katikati kinasuuzwa kwa maji safi. Lakini shosti, usikijaribu kwa mara ya kwanza kwenye boti inayoyumba! Kinahitaji mazoezi ya miezi miwili mitatu nyumbani, bafuni, mlango umefungwa, ukijicheka mwenyewe.

Na kama hutaki kuingia majini, usiingie. Si lazima kila mtu aruke. Kaa kivulini na miwani yako, potwe anapita karibu kiasi kwamba utamwona toka juu.

Je, naweza kuzisogeza?

Inawezekana, na wengi wanafanya. Wanawake wanaokwenda hija wamekuwa wakiandikiwa dawa hii kwa miaka mingi ili wakamilishe ibada zao. Inaitwa norethisteroni. Kwa kawaida ni kidonge cha miligramu 5 mara tatu kwa siku, unaanza siku tatu kabla ya tarehe unayotegemea, na ukiacha, siku zako zinakuja baada ya siku mbili au tatu. Daktari ndiye aandike, si muuza duka na si shoga yako. Kama umewahi kupata damu kuganda miguuni au mapafuni, una tatizo la ini, au unanyonyesha, mwambie kabla hajaandika.

Halafu kuna kitu wachumba na wanandoa wengi hawaelezwi: ukizimeza kwa ajili ya kusogeza siku tu, vidonge hivi haviwi kinga ya mimba. Fungate imesogezwa, mimba haijasogezwa. Panga na hilo.

Ukiwa tayari unameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, mambo ni mepesi zaidi. Katika paketi ya vidonge 28, vile saba vya mwisho vyenye rangi tofauti havina homoni, na ndipo damu inapotoka. Unaweza kuviruka na kuanza paketi mpya moja kwa moja. Uliza kliniki yako kwanza, kwa sababu aina zinatofautiana.

Mimi binafsi kwa safari ya siku tatu nisingejisumbua na dawa. Kwa ile iliyolipiwa miaka miwili, ningemwona daktari mwezi mmoja kabla.

Maumivu

Ibuprofeni inafanya kazi nzuri kuliko panadol kwa tumbo la hedhi, kwa sababu inapunguza ile kemikali inayoufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Imeze maumivu yanapoanza tu, usingoje mpaka ujikunje, na imeze baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aiache mpaka aongee na daktari. Joto nalo linasaidia kwelikweli: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga, juu ya kinena. Mwombe mama wa gesti akuchemshie, atakuelewa kabla hujamaliza sentensi, na huenda akakuletea na chai ya mdalasini.

Angalia usichanganye maumivu na kichefuchefu cha bahari. Wakati wa kusi, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, maji yanachafuka na hata wanaume wenye vifua vipana wanatapika. Kula kitu kikavu asubuhi, kaa katikati ya boti, angalia mbali. Na kama taulo inajaa kwa saa moja, ikabadilishwa, na ya pili ikajaa kwa saa moja, hiyo si hedhi ya kuvumilia. Rudini Kilindoni, hospitali ya wilaya ipo.

Mambo ya chumbani ni ya kwenu wawili na imani yenu. Kwa Waislamu tendo lenyewe linangoja, ila kukumbatiana hakujakatazwa. Kwa wengine, kumbukeni kwamba damu haiondoi uwezekano wa mimba wala maambukizi, kondomu ibebwe vilevile.

Taka zako

Mafia na visiwa vyake kasa wanataga mchangani, na baadhi yao hula plastiki wakidhani ni yavuyavu. Taulo ya kike ya kawaida ina plastiki ndani yake. Usiitupe baharini hata kama umeifunga vizuri, usiifukie kwenye fungu (maji yakijaa yataifukua), na usiitumbukize chooni, kwani mashimo ya vyoo vya visiwani yanaziba na anayeyazibua ni kijana fulani kwa mikono yake.

Unafanyaje? Kabla ya kuondoka gesti weka kwenye mkoba bahasha za khaki tano sita na kikopo kimoja chenye mfuniko unaobana, kile cha blubendi kinatosha. Iliyotumika unaikunja, bahasha, kikopo, mfuniko. Haitoi harufu, haionekani, na jioni unarudi nayo nchi kavu na kumuuliza mwenyeji wako wanachomea wapi. Wanaotumia za vitambaa wanafunga zilizolowa vivyo hivyo mpaka wapate maji baridi na sabuni, na kuzianika juani kabisa. Unyevu wa visiwani hauzikaushi ndani ya chumba.

Boti za potwe huondoka asubuhi. Maduka ya Kilindoni mjini yako njiani kuelekea ufukweni, kwa hiyo dakika kumi za kusimama zinatosha. Mwambie dereva wa bajaji asubiri, au mtume mumeo: aseme tu anataka taulo za kike za usiku, zenye mabawa, pakiti mbili, na asikubali kufungiwa gazeti.